Ladha ya kuvu si ulaghai, picha ndiyo tatizo

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba kinywaji kilichoandikwa "ladha ya asili" ni ulaghai iwapo ladha hiyo imetoka kwa kuvu na si kwa tunda. Hofu yake naielewa, kwani wengi wetu kuvu tunaijua kwa sumukuvu ya karanga na mahindi, lakini hukumu yake ni kali mno.

Huku Mtwara, msimu wa korosho ukifika, mabibo hukamuliwa na maji yake kuachwa kwenye ndoo iliyofunikwa kanga. Kesho yake povu limepanda hadi ukingoni, na anayefunua hupokewa na harufu inayokaribia ya ndizi mbivu, ilhali ndizi hakuna aliyetia. Kazi hiyo ni ya chachu, kuvu ya seli moja iliyokuja na maganda ya mabibo yenyewe: inapokula sukari hutoa kileo kinachofanya maji yale yaitwe uraka, na papo hapo hutengeneza kiasi kidogo cha isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi harufu yake.

Viwanda vimefuata njia hiyohiyo, ila vyenyewe huchagua kuvu na chakula chake. Chachu iitwayo Yarrowia lipolytica, ikilishwa mafuta ya nyonyo (mmea unaojiotea nyuma ya nyumba zetu), huifupisha molekuli ya asidi ya mafuta hayo hatua kwa hatua hadi ipatikane gama-dekalaktoni, yenye harufu ya fyulisi. Harufu ya vanila huweza kupatikana kwa kuvu mbili zinazopokezana: Aspergillus niger huibadili asidi ya feruli, iliyomo katika pumba za nafaka, na Pycnoporus cinnabarinus humalizia. Lililonishangaza zaidi mimi, mtu wa pwani, ni Trichoderma, kuvu ya udongoni inayonukia nazi.

Umoja wa Ulaya, katika kanuni namba 1334 ya mwaka 2008, unaruhusu ladha zitokanazo na kazi ya vijidudu juu ya malighafi ya mimea au wanyama ziitwe za asili, nami naona ni haki. Ninachokipinga ni boksi lililochorwa fyulisi lililopasuliwa, linalochuruzika maji, wakati ndani halimo hata ganda lake. Watengenezaji waandike wazi kwamba ladha imetokana na chachu, kisha mnunuzi aamue mwenyewe.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara