Harambee ya mizinga ya nyuki Sagalla: tusaidieni tuwahi mvua za vuli

Bwana asifiwe wapendwa, ndugu zetu mlioko Voi, Mombasa, Nairobi na hata nyinyi mko Saudia na Qatar. Naandika kwa niaba ya familia kumi za kanisa letu ambazo mashamba yao yako upande ule wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na mnajua vile kunakuwaga mahindi yakianza kukomaa, watu hawalali, mnapiga madebe na kumulika tochi mpaka sauti inakauka na bado ndovu wanaingia, asubuhi unakuta mabua tu.

Dawa tumeiona kwa majirani, ni nyuki. Ndovu na ule ukubwa wote anamwogopa nyuki kwa sababu anaumwa machoni na ndani ya mkonga, ndio akina Lucy King, mtafiti wa shirika la Save the Elephants, wakaleta ua wa mizinga hapa hapa Sagalla, mizinga inaning'inizwa kwa waya kila mita 10, ndovu akisukuma waya yote inatikisika na nyuki wanatoka. Na kwa vile inaning'inia hata nyegere anapata shida kuifikia.

Sisi tulishajaribu mizinga mitatu ya kanisa zima, kila mtu akadhani mwenzake anaangalia, siafu wakapanda nguzo, nyuki wakahama. So saa hii kila familia itakuwa na miwili yake, baba mama na watoto wapake grisi nguzo, waweke maji ya nyuki kiangazi (kukikauka sana wanahama, hapo siwadanganyi), na asali ni ya nyumba hiyo, iwe ya uji, ya kikohozi ama ya kuuza ilipwe karo. Watoto washaanza kujua kwamba sega lisipozibwa na nta asali bado haijaiva, ukiivuna itachacha, na kwamba hawa nyuki wetu ni wakali, kazi ni jioni, na moshi, na ovaroli, si mchezo.

Hesabu ni hii, mizinga 20 ya Langstroth (ile ya sanduku lenye fremu) kwa 5,500 ni 110,000, ovaroli nne 18,000, mabomba mawili ya kufukizia nyuki moshi 4,000, waya na grisi 8,000, jumla 140,000. Nguzo tunakata wenyewe. Familia zimeshatoa 38,000 kwa kuuza kuku na ndengu, imebaki 102,000. Katikati ya mizinga tutaweka ya plaiwudi isiyo na nyuki, ya kumdanganya ndovu, fundi wa kanisa amejitolea kuitengeneza, hivyo tufunge karibu mita 400.

Harambee ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa 9 baada ya ibada, maana tunataka mizinga iwe juu imepakwa nta kabla ya mvua za vuli, maua yakitoka makundi ya nyuki yanatafuta nyumba na yanaingia yenyewe bila kununuliwa. Hata mia mbili ni waya, jamani. Aliye mbali atume kwa mweka hazina, risiti utapata, na mzinga ukilipiwa wote tutaandika jina la nyumba yenu kwa rangi.