Vijana wa kujitolea na watoto wetu

Mhariri,

Kila msimu wa likizo za Ulaya na Marekani, makao ya watoto ya Kikristo hapa Kenya hujaa vijana waliotumwa na makanisa yao kujitolea kwa wiki mbili tatu. Siwabezi. Wengi hufua, hukoroga uji na hukesha na mtoto mwenye homa, na nauli wamejilipia.

Shida yangu ni kwaheri zao. Mtoto wa miaka mitatu akishamzoea mgeni, mgeni anapanda ndege, na matatu nyingine inashusha wapya wenye peremende na simu za kupigia picha. Picha hizo huanikwa mtandaoni, jambo ambalo shule za kwao zisingekubali bila idhini ya mzazi. Tena wengi wa watoto hawa si yatima. Wana mama, au nyanya aliyelemewa na karo na chakula.

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wa mwaka 2022 unalenga kuwarejesha watoto katika familia ndani ya miaka kumi. Je, makanisa yanayotuma vijana yameambiwa?

Anayetaka kuja na akae mwaka mzima, alete cheti cha polisi cha tabia njema, kisha asaidie kwenye hesabu, mabomba na mafunzo ya walezi. Zaidi ya hapo, nauli ya kundi moja ingemlipa afisa wa ustawi wa jamii miezi kadhaa, awe anamtembelea yule nyanya kijijini.

Msomaji,
Nakuru