Goti la Colwill si goli la Arsenal

Bwana mhariri,

Jambo kwako na kwa wote mnaofanya kazi hapo gazetini. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Lubumbashi, Congo, mtaa unaoitwa komini ya Kenya, kazi yangu ni sudere, mtu wa kuchomea vyuma, gazeti lenu tunalisoma watu kama watano kwa mkono mmoja maana jirani analinunua, akimaliza linakuja kwangu, kutoka kwangu linaenda nyumba ingine, na mimi naanzaga na ukurasa wa michezo, siasa inangoja. Ekipe yangu ni Arsenal tangu wakati wa Kanu wa Nigeria, nasema mapema ili mtu asije akasema huyu ni wa Chelsea amejificha. Hapa nyumbani niko Lupopo, ekipe ya hapa Lubumbashi, na hiyo nitairudilia huko chini kwa sababu iko na maana yake.

Naandika, huu mwezi wa nane wa 2025, juu ya ile habari ya Levi Colwill. Mlisema beki wa Chelsea amekatika ligama ya goti, ile kamba inayoshika mifupa, mazoezini, msimu haujaanza hata, na atakaa nje miezi mingi. Hiyo ni kweli na ni kazi yenu kuitangaza. Kilichoniuma ni vile mliiweka, kama vile ni zawadi tumeletewa sisi watu wa Arsenal kabla ya ligi kuanza, na mimi niliona kwa macho yangu habari ya namna hiyo inafanya nini kwenye kartie, mtaani kwetu.

Jioni ile tulikuwa kwa kinyozi, pale ndipo tunakutanaga, vijana wa Arsenal kama nane hivi na wengine wa ekipe zingine. Mmoja akasoma kwa telefoni yake kwa sauti, ikalipuka shangwe, shangwe kweli, kama tumefunga goli. Kijana mmoja akasimama akaanza kuchechemea mle ndani ameshika goti, anakunja uso kama mtu wa maumivu, wenzake wanacheka mpaka wanapiga ukuta. "Chelsea bamekwisha! Hii mwaka habana beki!" Na kwenye kiti cha kinyozi alikuwa ameketi papa mmoja, mzee wa Chelsea, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, hawezi kuondoka, hawezi kujibu, anawaangalia tu kwenye kioo. Mimi sikucheka lakini pia sikusema kitu, na mkubwa akinyamaza mbele ya watoto ni kama amekubali, ndiyo maana leo nimechukua bic, kalamu yangu.

Tuzungumze mpira kwanza, maana hata hesabu yao ni mbaya. Colwill si mchezaji wa kujaza nafasi. Ana miaka 22, ametoka mle mle kwenye shule ya Chelsea tangu mtoto, anatumia mguu wa kushoto, na ule mpira wa kochi wao Maresca wa kuanzia nyuma polepole pasi kwa pasi, mara nyingi yeye ndiye alikuwa anaufungua. Tarehe 25 mwezi wa tano, siku ya mwisho ya ligi, Chelsea walikwenda Nottingham wakiwa wanahitaji kushinda, wakashinda 1-0, na aliyefunga ni Colwill. Lile goli ndilo liliwaweka nafasi ya nne na pointi 69, wakapata Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo hakuna anayesema hawajapoteza mtu. Wamepoteza mtu mkubwa sana.

Lakini wamebaki na nani? Wako na Chalobah, Tosin, Fofana, Badiashile, yule mtoto Acheampong, na wamemchukua Hato kutoka Ajax anayeweza kucheza kati na pembeni. Na kuna Disasi, mwenye damu ya kwetu Congo, wamemweka pembeni anafanya mazoezi mbali na wenzake, hapa kwetu mabishano ya kumrudisha Disasi hayaishi na mimi nakubaliana na wanaosema arudi, beki mzima hawezi kukaa bure wakati mwenzake yuko kitandani. Fofana mwenyewe alikatika ligama ya goti mwaka 2023, na yeye pia ilikuwa wakati huu huu wa maandalizi, akakosa msimu mzima. Basi wao hiyo barabara wanaijua, wamekwisha kuipita. Na bila Colwill juzi wamewapiga Leverkusen 2-0, kisha Milan 4-1. Mechi za kirafiki ndiyo, lakini ekipe iliyokwisha haichezi hivyo.

Sasa ndiyo nafika kwa Lupopo. Wakubwa wenzangu wanakumbuka mwaka 2010. Mazembe, wapinzani wetu wa hapa hapa mjini, walikuwa na Trésor Mputu, na hata sisi wa Lupopo ambao hatuwapendi tulikuwa tunajua kwamba ule mguu hauna mwingine nchini, CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, ilikuwa imetoka kumchagua mchezaji bora wa 2009 kati ya wote wanaocheza Afrika. Kisha ikatokea ile fujo na mwamuzi huko Kigali kwenye mechi na APR ya Rwanda, FIFA ikamfungia mwaka mzima, na mwenzake Lusadisu naye akafungiwa. Hakuumia, alifungiwa, lakini hesabu ni ile ile, ekipe ya mpinzani imekosa mtu wake. Nataka niseme ukweli mbele ya wasomaji: mimi nilifurahi. Nilizunguka kwa rafiki zangu wa Mazembe mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, nawaambia kombe la Afrika mlisahau, bila Mputu ninyi ni nani.

Fainali wakawapiga Espérance ya Tunis tano bila hapa hapa Lubumbashi, kelele zile sitazisahau, nilikuwa nimefunga mlango na zilikuwa zinapita kwenye bati. Tunis wakatoka 1-1, kombe likabaki. Mwezi wa kumi na mbili wakaenda Abu Dhabi, kombe la dunia la vilabu, bado hakuna Mputu, wakakutana na Internacional ya Brazil, bingwa wa Amerika ya Kusini. Kabangu akapiga la kwanza, Kaluyituka akapiga la pili, 2-0, kipa Kidiaba anaruka kwa makalio dunia nzima inaangalia. Ekipe ya kwanza ya Afrika kufika ile fainali. Inter Milan waliwafunga tatu, sawa, lakini mimi ambaye nilikuwa nimewazika tangu Mputu afungiwe, nilikuwa nyumbani nimekaa kimya na wale rafiki wakaanza kuja mmoja mmoja, nyumba yangu ikajaa. Na niwaambie kitu, mtu wa ekipe akikosekana wale wengine wanakimbia kilometa mbili zaidi, anayekaa benchi anaamka na njaa, kochi anaacha mazoea yake. Angalieni Tottenham pia. Walimaliza nafasi ya 17 kwenye ligi, Maddison hayupo, Kulusevski hayupo, na kule mjini Bilbao walilichukua kombe la Europa mbele ya Manchester United.

Na sisi Arsenal tumesahau haraka hivi? Ni juzi tu bana. Saka akashika paja Crystal Palace mwezi wa kumi na mbili, hatukumwona mpaka mwezi wa nne. Jesus akakatika ligama ya goti mwezi wa kwanza, ile ile ya Colwill, na mpaka leo naandika hajarudi. Havertz akaumia paja Dubai, mahali tulikwenda kupumzika! Martinelli naye. Tukamchukua Merino, mtu wa katikati, tukamsukuma mbele kwa lazima, akafunga mbili Leicester, na huyo huyo ndiye alituwekea kichwa siku tunawapiga Chelsea 1-0 mwezi wa tatu, siku ambayo wao walikuwa hawana Palmer, mshambuliaji wao. Tukamaliza wa pili na pointi 74, Liverpool 84. Mwaka mzima kila mtu wa Arsenal hapa Lubumbashi alikuwa anasema ni juu ya majeraha, tungekuwa na watu wetu tungechukua. Nimelisema na mimi mara nyingi na bado naliamini. Wa Chelsea walitucheka, ilituuma. Halafu leo tunafanya kile kile.

Mnaotaka kucheka, tafuteni kwanza ni kitu gani kinakata haya magoti. Nilikaa na bic nikahesabu mechi za Chelsea za msimu uliopita: ligi 38, makombe ya Uingereza mechi nne, Conference, kombe la Ulaya, 15 mpaka fainali ya Wroclaw, na lile kombe la dunia la vilabu Marekani 7. Jumla 64. Lile la Marekani walilichukua kwa kuwapiga PSG 3-0 tarehe 13 mwezi wa saba, na ligi wanaanza tarehe 17 mwezi wa nane, ni majuma matano tu hapo katikati, humo ndani upumzike, urudi, ufanye mazoezi, uwe tayari. Sisemi goti la Colwill limekatika juu ya hiyo peke yake, mimi si daktari, ligama inaweza kukatika hata kwa hatua moja mbaya. Lakini mwili ni kama chuma, hata chuma kizuri ukikikunja na kukinyoosha kila siku kuna siku kinaachia, hiyo naijua kwa kazi ya mikono yangu. Na Rice, Saliba, Gabriel, nao wako kwenye kalenda kama hiyo. Mechi zetu zinaongezeka kila mwaka. Leo ni Chelsea, na kule Seoul siku chache nyuma ni Maddison, kwenye mechi ya kirafiki na Newcastle, goti la kulia, lile lile lililomkosesha Bilbao.

Kuna na jambo lingine, na hili ndilo lililonizuia kucheka pale kwa kinyozi. Mimi hilo goti ninalo. Nilikuwa nacheza beki wa kulia wa ekipe ya kartie, uwanja wa udongo mwekundu, wakati wa vumbi kama sasa, nikageuka kumfuata winga, mguu ukabaki chini na mwili ukaenda. Nikasikia "ta!" kama kijiti kikavu. Mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi majuma mawili. Kisha mganga wa mifupa, alivuta mpaka nikazimia. Hospitali walinipiga picha, wakasema mfupa haujavunjika, nenda nyumbani. Ni miaka mingi baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba ile picha ya kawaida inaonyesha mifupa tu, ligama haionekani, inatakiwa ile mashine kubwa ya IRM, na hesabu ya pesa waliyoniambia siku hiyo nilirudi nyumbani kwa mguu nikifikiri. Colwill wamempasua, watu hawa wanachukua kamba ingine ya mwili wake mwenyewe, ya nyuma ya paja au ya mbele ya goti, wanaiweka mahali pa ile iliyokatika, kisha anafundishwa kutembea upya, kukimbia upya, miezi sita mpaka tisa na mara ingine zaidi. Namwombea apone. Langu halikupasuliwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikishika linaniuma usiku, na nikishuka kwenye kamio, lori, lazima nishuke na mguu wa kushoto, wa kulia unaweza kunikimbia.

Na yule kijana aliyekuwa anachechemea anatuchekesha, mimi namjua, ni mtoto wa jirani, anacheza winga kila siku ya Mungu, Jumapili, asubuhi kwenye udongo ule ule, kiatu kimoja kimefungwa na kamba ya katani. Anakimbia vizuri sana. Nikimwona anageuka kwa nguvu mimi nafunga macho.

Kwa hiyo bwana mhariri, naomba mkiandika tena habari za majeruhi mtueleze na ligama ni kitu gani, mtoto akisikia "ta!" uwanjani afanye nini siku ya kwanza, asikandwe na maji ya moto goti likiwa limevimba, aweke kitu cha baridi, asikanyage, apelekwe kwa daktari. Mna wasomaji wengi wanaocheza kwenye hivyo viwanja vyetu. Hiyo nafasi mliyoitumia kuhesabu Arsenal amefaidika nini ingetosha.

Mimi nimekwisha kumtafuta yule papa wa kwenye kiti cha kinyozi, nikamwomba radhi kwa ajili ya vijana wetu na kwa ajili ya kunyamaza kwangu. Siku ya Mungu tarehe 17 wao wanacheza na Crystal Palace saa tisa za hapa kwetu, sisi tunaingia Old Trafford saa kumi na moja na nusu. Tumepatana twende pamoja kwenye sale, ile nyumba ya kuonyesha mpira, tulipe viti viwili toka saa tisa. Mimi nitaangalia nani Maresca ameweka kwenye nafasi ya Colwill, nina hamu ya kujua, na mechi yao ikiisha yeye atabaki na mimi amwone mshambuliaji wetu mpya Gyökeres.

Msomaji wenu,
sudere wa komini ya Kenya, Lubumbashi