Barua ya wazi kwa Waswahili wa pasipoti ya Uingereza mnaohamia Ufaransa

Wanangu,

Salaam kwenu nyote, mlio Calais na mlio Nice, mliofuata kazi na mliofuata ndoa, pamoja nanyi wazee wenzangu mliochoshwa na bei za nyumba za London mkaona heri mnunue kijumba Normandy au Limousin. Ninalo neno moja tu, na mengine yote yatatoka humo: Ufaransa karatasi zina zamu. Ya kwanza huzaa ya pili, ya pili huzaa ya tatu, na anayeruka moja hurudishwa mwanzo. Uingereza ilituzoesha kumaliza mambo kwa simu. Huku simu husaidia kuulizia. Kinachomaliza ni karatasi yenye tarehe.

Tuanze mlangoni. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mwenye pasipoti ya Uingereza anahesabiwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya. Bila viza ana siku 90 katika kila siku 180, na siku hizo ni za nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, kwa pamoja: wiki mbili za Hispania zimo, siku ya kuingia imo, ya kutoka imo. Kuvuka hadi Dover ukalala usiku mmoja hakufuti hesabu. Zamani watu waliponea kwenye mhuri uliofifia. Mfumo wa EES wa kusajili wageni wanaoingia na kutoka Schengen, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, unachukua uso na alama za vidole, nao hausahau. Mwenye kadi ya ukaazi haingizwi humo, kwa hiyo toa kadi na pasipoti kwa pamoja kabla hujaulizwa.

Anayekuja kukaa aombe viza ya muda mrefu akiwa bado Uingereza, kupitia France-Visas, tovuti ya viza ya serikali ya Ufaransa, ndani ya miezi mitatu kabla ya safari. Viza ikiandikwa VLS-TS, yaani viza inayosimama badala ya kadi ya ukaazi, kazi haijaisha. Una miezi mitatu tangu ufike kuithibitisha mtandaoni na kulipia stempu ya kodi. Wengi huteleza hapa, maana wanaona kibandiko kimeandikwa mwaka mzima, wanatulia. Miezi mitatu ikipita bila kuithibitisha, unakaa bila kibali ingawa kibandiko kinang'aa. Kuomba muda zaidi nako kuna dirisha lake: ikibakiza kati ya miezi minne na miwili kuisha. Na kwa wanaokuja sasa, tangu tarehe 1 Januari 2026 kadi ya miaka kadhaa inadai Kifaransa cha daraja la A2, yaani cha mazungumzo ya msingi, ya miaka kumi inadai B1, daraja moja juu yake. Darasa lianze mwaka wa kwanza, si mwaka wa kadi.

Nyinyi mliokuwa mkiishi Ufaransa kihalali kabla mwaka 2020 haujaisha mna kadi ya Mkataba wa Kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, ambayo haipatikani tena kwa anayehamia leo. Zile za miaka mitano zimeanza kuisha. Ombeni ya kudumu kwenye prefekcha, ofisi ya serikali ya eneo lenu, miezi miwili kabla. Kadi ya miaka mitano huharibiwa na kukaa nje zaidi ya miezi sita kwa mwaka. Ya kudumu hupotea ukikaa nje miaka mitano mfululizo. Sheria inavumilia kutoka mara moja kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili kwa sababu nzito, na uzito huo hupimwa kwa vyeti. Anayekwenda Lamu au Unguja asitupe tiketi.

Baada ya mlango, anwani. Kila ofisi itakudai justificatif de domicile, uthibitisho wa makazi wa karibuni, kwa kawaida bili ya umeme au ya intaneti. Ukipanga nyumba tupu, amana ni kodi ya mwezi mmoja; yenye samani, hadi miezi miwili. Bima ya nyumba ni lazima kwa mpangaji. Siku ya kukabidhiwa funguo mnaandika pamoja hali ya nyumba, ukuta kwa ukuta. Usione haya kuandika kila ufa, kwa sababu kisichoandikwa siku hiyo kitakatwa kwenye amana yako siku ya kutoka. Notisi ya kuhama hutumwa kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa: mwezi mmoja kwa nyumba yenye samani, mitatu kwa tupu, ila miji yenye uhaba wa nyumba kama Paris na Lyon ni mmoja. Anayekaa kwa ndugu hana bili kwa jina lake, basi mwenyeji amwandikie attestation d'hébergement, aitie saini, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake na bili yake mwenyewe. Barua pekee bila viambatisho viwili hivyo hurudishwa.

Sasa jambo linalotuumiza sisi kuliko Waingereza wengine: majina. Mtoto wa pwani huitwa jina lake, la baba na la babu, na mara nyingi cheti cha kuzaliwa kina matatu, pasipoti ya Uingereza imeyagawa vingine, na cheti cha ndoa kimeandika Mohamed kwa herufi tofauti. Kwa Mfaransa hao ni watu watatu. Ofisi zake hufuata jina la kuzaliwa hadi kaburini. Jina la mume kwake ni jina la matumizi tu, linaandikwa kwenye mstari wake. Mama aliyebadili jina Uingereza baada ya ndoa ajaze la kuzaliwa kwanza kila mahali, la sivyo bima ya afya itamfahamu kwa jina moja na benki kwa jingine, na pesa za matibabu zitagonga ukuta. Kabla hujahama, chukua cheti kirefu cha kuzaliwa, chenye majina ya wazazi; kile kifupi cha Uingereza hakitoshi. Aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam aulizie mapema utaratibu wa kuhalalisha cheti chake, kisha kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, yaani aliye kwenye orodha ya mahakama ya rufaa ya Ufaransa. Tafsiri ya rafiki hodari haina thamani mbele ya dirisha. Herufi zinazopishana zirekebishwe kwenye chanzo, nyumbani, kabla faili ya kwanza haijafunguliwa, kwa sababu kosa la faili ya kwanza hunakiliwa kwenye zote zinazofuata.

Afya. Mwajiriwa huingia kwenye bima ya taifa tangu siku ya kwanza ya kazi. Mstaafu anayelipwa pensheni ya serikali ya Uingereza aombe fomu S1 Uingereza na kuipeleka CPAM, ofisi ya bima ya afya ya taifa, ya mkoa wake. Gharama hubebwa na Uingereza. Asiye na kazi wala S1 hungoja miezi mitatu ya ukaazi, ndipo apeleke ombi akiambatanisha kibali, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa miezi hiyo mitatu na RIB, karatasi ya namba za akaunti ya benki. Kwa sababu hiyo bima binafsi ya viza isikatishwe mapema. Kwanza utapewa namba ya muda, kisha ya kudumu yenye tarakimu 15, na baada yake carte Vitale, kadi ya bima ya afya. Kabla kadi haijafika, mlipe daktari, udai ile fomu ya kahawia ya matibabu na uipeleke CPAM.

Kadi ikifika, chagua daktari wako wa kawaida na asajiliwe rasmi. Kumwona daktari wa kawaida ni euro 30. Uliyemsajili anakupa haki ya kurudishiwa asilimia 70, yaani euro 21, zikitolewa euro 2 za lazima anazobeba mgonjwa unabaki na 19. Bila kumsajili unarudishiwa asilimia 30, na ikitolewa ile 2 zinabaki 7. Mgonjwa ni yuleyule na chumba ni kilekile. Sehemu kubwa ya kile ambacho bima ya taifa hairudishi hulipwa na bima ya ziada, mutuelle, nayo msiidharau, hasa kwa meno na kulazwa. Dharura ya ugonjwa ni 15, zimamoto 18, polisi 17, na 112 kwa yote.

Kodi ya mapato hutangazwa kila masika kwa mwaka wa kalenda uliopita, wakati mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili, kwa hiyo hati za Uingereza lazima zikatwe na kuunganishwa upya. Asiye na namba ya kodi huanza kwa karatasi: fomu 2042, na 2047 kwa mapato ya nje. Pensheni ya serikali anayopata kila mzee wa Uingereza hutozwa Ufaransa. Ya utumishi wa umma, kama ualimu wa shule za serikali au jeshi, hutozwa Uingereza, lakini bado huandikwa kwenye fomu ya Ufaransa. ISA, akaunti ya akiba isiyotozwa kodi Uingereza, hutozwa huku. Kisha fomu 3916: kila akaunti iliyo nje ya Ufaransa itajwe, hata ile ya Nairobi yenye shilingi chache uliyomwachia mdogo wako aitumie kwa ada za shule. Faini huanzia euro 1,500 kwa kila akaunti iliyofichwa, iwe na pesa au haina.

Hundi bado zinatembea Ufaransa. Usiandike isiyo na fedha nyuma yake: huo ni mwanzo wa kufungiwa hundi hadi miaka mitano, na huwezi kuisimamisha kwa sababu tu umegombana na fundi.

Leseni ya Uingereza iliyotolewa kabla ya tarehe 1 Januari 2021 inatumika hadi iishe; anza kuibadilisha ikibakiza miezi sita. Iliyotolewa tangu siku hiyo ibadilishwe ndani ya mwaka wa kwanza wa ukaazi. Ukishakuwa mkaazi wa huku, Uingereza haikuongezei muda. Gari ulilolimiliki angalau miezi sita huweza kuingia bila ushuru pamoja na mizigo ya kuhama, ikiwa uliishi nje ya Umoja wa Ulaya miezi kumi na miwili, lakini bila hati ya forodha 846 A hupati usajili. Taa za mbele za gari la Uingereza huelekea upande usiofaa. Zibadilishe kabla ya ukaguzi, maana stika za kubandika kwenye taa zinazouzwa kwenye feri hazikubaliki.

Na mikoba ya mama zetu: nyama na maziwa kutoka Uingereza au Afrika haviruhusiwi, hata mkate wenye jibini ndani. Samaki wakavu wa kula nyumbani wanaruhusiwa hadi kilo 20. Nazi, tende, ndizi na nanasi hupita. Embe hadi ziwe na cheti cha afya ya mimea.

La mwisho, wenye nyumba na wenye watoto, msiliahirishe. Sheria ya Ufaransa huwatengea watoto fungu la lazima kwa usawa, wa kike na wa kiume: mmoja nusu, wawili theluthi mbili, watatu na zaidi robo tatu. Mtoto wa kambo ukimwachia mali kwa wasia hukatwa kodi ya asilimia 60. Tangu Agosti 2015 waweza kuchagua kwa wasia sheria ya nchi ya uraia wako, lakini sheria ya Agosti 2021, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo, inaweza kumpa mtoto aliyenyimwa haki ya kudai fidia kutoka mali iliyo Ufaransa. Anayetaka mirathi ya Kiislamu asitegemee karatasi iliyoandikwa msikitini peke yake. Amwone notari, mwanasheria wa hati na mirathi, akiwa na hati za ndoa zote, za huku na za nyumbani, na wasia usajiliwe kwenye daftari kuu la wasia, ili notari yeyote atakayefungua mirathi auone.

Ni mimi, mzee wenu