Mdogo wangu anataka kuandika kwamba aliridhia, nimshauri nini?

Mpendwa Mshauri,

Mdogo wangu ana umri wa miaka 23 na ni msaidizi wa mtayarishaji katika kipindi cha asubuhi cha televisheni. Tangu mwaka jana amekuwa na uhusiano wa kimapenzi na mtangazaji wa kipindi hicho, mwanamume wa miaka 51 mwenye mke na watoto. Mazungumzo yao ya simu yalivuja yakasambaa mitandaoni, na sasa uongozi wa kituo umemsimamisha mtangazaji kazi wakati uchunguzi ukiendelea, na umemtaka mdogo wangu awasilishe maelezo ya maandishi yenye saini yake.

Maelezo hayo ndiyo yanayoninyima usingizi. Katika rasimu aliyonionyesha ameandika kwamba aliridhia kwa hiari yake, kwamba hakulazimishwa wala kuahidiwa chochote, na kwamba anaomba mtangazaji arudishwe kazini. Najua anaamini kila neno, na wala sina shaka kwamba alimpenda. Hata hivyo, kila ninapoisoma naona mengi yaliyoachwa nje. Mtangazaji huyo ndiye aliyempendekeza aajiriwe alipokuwa bado katika mafunzo ya vitendo, na ndiye ambaye maoni yake husikilizwa kwanza mikataba ya vijana wa kipindi inapofika wakati wa kuongezwa. Kuanzia wapiga picha hadi mkurugenzi wa vipindi, kila mtu pale hupanga kazi yake kwa kuangalia kama bwana huyo amependezwa au amekasirika. Mtu mwenye nafasi hiyo hana haja ya kutisha wala kuahidi. Akimwalika chakula cha jioni binti anayesubiri kujua kama mkataba wake utaongezwa, kukataa kuna gharama ambayo wote wawili wanaijua hata kama hakuna aliyeitamka. Nilimuuliza mdogo wangu, uhusiano huo ungevunjika kimyakimya, ni nani angehamishwa kipindi? Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba swali langu halina maana.

Linaloniongezea hofu ni kwamba maneno "watu wazima wawili walioridhiana", yaliyomo katika rasimu yake, ndiyo yale yale yaliyotumika katika taarifa ambayo wakili wa mtangazaji aliitoa kwa vyombo vya habari. Mdogo wangu hana wakili.

Kuhusu watu wa nje, sikutarajia chuki ya kiasi hiki. Anaitwa mvunja ndoa, anaambiwa kwamba kazi aliipata kitandani, na picha zake za tangu akiwa shuleni zimefukuliwa na kujadiliwa. Mwanamume anahurumiwa kwamba heshima ya miaka mingi imepotea kwa kosa moja. Nadhani naielewa sababu yake: watazamaji wamemwona kila asubuhi, wamecheka naye, wanamhesabu kama ndugu, ilhali jina la mdogo wangu lilikuwa likipita upesi mwishoni mwa kipindi bila mtu kulisoma. Kwa hiyo ile nguvu aliyokuwa nayo mtangazaji ndani ya studio anayo vilevile nje, katika huruma ya watu. Wapo pia wachache wanaomtetea mdogo wangu kwa kumwita mtoto aliyerubuniwa, na hao humuumiza karibu sawa na wanaomtukana, kwa sababu nao wanamsemea bila kumsikiliza.

Nimejaribu kujifunza kutokana na yaliyowapata wengine. Mwaka 2009 mtangazaji David Letterman aliwaeleza watazamaji wake huko Marekani, katika kipindi chake mwenyewe, kwamba alikuwa amefanya mapenzi na wanawake waliofanya kazi katika kipindi hicho. Waliokuwa ukumbini walicheka na kumpigia makofi, naye akaendelea kutangaza hadi alipostaafu mwaka 2015. Wanawake hao hawakuwa na jukwaa kama lake la kujieleza. Mwaka 2023 huko Uingereza, mtangazaji Phillip Schofield aliondoka kituo cha televisheni cha ITV baada ya kukiri kwamba alikuwa amedanganya kuhusu uhusiano wake na kijana aliyefanya kazi naye, uhusiano aliosema haukuwa wa busara lakini haukuvunja sheria. Baadaye ITV ilieleza kwamba uvumi ulipozuka mwanzoni mwa 2020, wote wawili waliulizwa na wote wawili wakakanusha. Hilo limenifikirisha sana, maana nauona ugumu wa kijana wa ngazi ya chini kumweleza mwajiri wake ukweli kuhusu mtu anayekiingizia kituo fedha.

Lakini anayenijia akilini zaidi ni Monica Lewinsky, aliyekuwa binti wa mafunzo ya vitendo katika Ikulu ya Marekani, ingawa yake hayakutokea katika televisheni. Mwaka 2014 alikuwa bado anaandika kwamba uhusiano wake na Bill Clinton, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, ulikuwa wa hiari ya watu wazima wawili. Ilipofika 2018, zaidi ya miaka 20 tangu uhusiano huo uanze, aliandika kwamba ameanza kutafakari upya maana ya ridhaa pale ambapo tofauti ya mamlaka ilikuwa kubwa kiasi kile. Mdogo wangu akiweka saini leo, kisha baada ya miaka kadhaa akayaona mambo kwa jicho jingine, karatasi hiyo itatolewa kumwonyesha kuwa mwongo.

Nilipomweleza hivyo alikasirika. Alisema namnyang'anya akili yake, na kwamba iwapo mtu mzima hawezi kuaminiwa anaposema alitaka, basi hakuna atakaloaminiwa. Hoja hiyo ina uzito na sijapata jibu lake.

Kwa hiyo naomba unishauri. Je, ni sahihi nimsihi aandike mambo yanayothibitika tu, yaani nani alimpendekeza, nani husikilizwa kuhusu mkataba wake, uhusiano ulianza lini na nani alitaka ufichwe, na asitoe hukumu yoyote kuhusu ridhaa kwa sasa? Je, anaweza kuomba muda zaidi, na kuomba awe na wakili wake mwenyewe kabla ya kuhojiwa, bila uongozi kuhesabu kwamba anakwepa uchunguzi? Na nizungumze naye vipi kuhusu haya bila kuwa sauti nyingine miongoni mwa wote wanaomwambia yeye ni nani? Anatakiwa kuwasilisha maelezo hayo wiki ijayo.

Wako,
Dada mkubwa