Malalamiko Kuhusu Kukusanya Data ya Mtoto Bila Idhini ya Mzazi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: AKAUNTI YA BINTI YANGU WA MIAKA 13

Binti yangu, mwanafunzi wa Gredi ya 7 hapa Mombasa, hutumia programu yenu ya mazoezi ya hisabati kwenye simu yangu. Jumapili iliyopita nilikuta humo ujumbe wa mtu mzima nisiyemjua, akimwuliza hutoka shuleni saa ngapi na hupitia njia gani kurudi nyumbani. Jina la shule hakulibahatisha: mmeliandika chini ya picha ya mtoto, pamoja na majina yake matatu, katika orodha ya washindi wa wiki ambayo yeyote mwenye programu huiona.

Nilimketisha anionyeshe alivyojisajili. Aliweka mwaka wake halisi wa kuzaliwa, nanyi mkajua kwamba ni mtoto. Kisha kikatokea kisanduku chenye maneno "Mzazi wangu amekubali", akakibonyeza mwenyewe, na akaunti ikafunguka. Mimi sikuulizwa wala kutumiwa ujumbe wowote. Simlaumu mtoto, kwa kuwa alibonyeza alichoambiwa abonyeze ili afikie hesabu zake. Nawalaumu nyinyi mliojua umri wake, mkamwachia atoe idhini ambayo si yake kuitoa.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakataza kuchakata data ya mtoto pasipo idhini ya mzazi au mlezi, na kinawataka mnaoikusanya muwe na njia ya kuthibitisha umri na idhini hiyo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, kwa hiyo jambo hili si geni nchini.

Jumatatu nilipoomba mfute akaunti, mlinitaka kwanza nitume nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Sitaituma. Kumwingiza hamkudai karatasi yoyote, na ombi langu nililituma kutoka ndani ya akaunti hiyo hiyo.

Naomba muondoe leo picha, majina na shule yake katika orodha, mfute data yake yote ndani ya siku 7, mhifadhi ujumbe wa mtu huyo kwa ajili ya polisi, na mnieleze kwa maandishi ni nani mwingine mliyempa data hiyo. Msipofanya hivyo, nitawasilisha malalamiko haya kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wenu mwaminifu,
Mama mzazi