Wifi yangu, Idi haigawiki kwa rula

Wifi yangu,

Assalaam alaykum. Jina lako silitaji, na wewe ukijijua usijitaje. Bado nakuita wifi. Talaka aliitoa kaka yangu, mimi sikutoa yangu.

Nakuandikia hapa kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Ukisikia sauti yangu unasikia na ya kwake nyuma yake, unaninyamazia. Na najua wamo wengi wanaosoma haya wenye watoto Unguja na baba Pemba, au kinyume chake. Wanisikilize na wao.

Mwezi uliopita kaka yangu alinionesha daftari, lile la viboksi la hesabu. Kaichora likizo ya Disemba, kaikata katikati kwa rula. Upande mmoja kaandika "kwake", wa pili "kwangu". Siku ya kwenda na siku ya kurudi zimebaki pembeni hazina mwenyewe, maana yeye anasema zitoke kwenye zako na wewe umeshasema zitoke kwenye zake. Basi hizo ni zangu mimi. Mimi ndiye ninayekuja kuwachukua alfajiri, nikasimama nao foleni Malindi, mmoja kashika buibui langu na mwingine kashika begi.

Nikwambie kinachotokea kwenye siku hizo msizozitaka. Mdogo hulala mapajani mwangu kabla boti haijatoka vizuri. Mkubwa hukaa dirishani, haongei. Tukishaipita Nungwi ananiuliza: "Shangazi, Baba akiniuliza Mama anakula nini, nimwambie?" Mtoto wa miaka tisa. Nikamuuliza nani kamwambia ataulizwa. Akasema hakuna, lakini huulizwa.

Wote wawili mnamuuliza, wifi. Kaka yangu nimeshamwambia usoni, tena mbele ya mama yetu, na hakupenda. Sasa nakwambia na wewe. Ile ya "mwambie baba yako kanzu ya Idi anunue yeye" ilifika. Ilifika kwa sauti ya mtoto, huku kainamisha kichwa, mguu unachora mchanga. Kanzu ilinunuliwa. Lakini mtoto alidhani kaomba yeye, na siku ya sikukuu hakutaka kuivaa.

Suala la bahari sikulaumu. Likizo ya katikati ya mwaka inaangukia kwenye upepo wa kusi, na mkondo wa Nungwi wakati wa kusi kila Mpemba anaujua. Nani kati yetu kasahau usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, Spice Islander ilipozama na watu wetu mkondoni humo? Kaka yangu anasema unatafuta kisingizio. Mimi niliyekuona unavyokaa na simu mkononi mpaka nikupigie kwamba tumeshashuka Mkoani, nasema si kisingizio. Kwa hiyo rai yangu ni hii: wakati wa kusi baba avuke yeye. Aje Unguja, afikie kwangu, chumba kipo, akae na wanawe wiki nzima. Disemba, upepo wa kaskazi ukishika, watoto wavuke waende kwa bibi yao. Hapo hesabu ya daftari itapinda, yeye atapata siku chache mjini na nyingi shamba. Ipinde.

Kadhi alizungumza ulezi na matunzo, na alizungumza vizuri. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 nayo inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Lakini hukumu yenu haikutaja mtoto atakula tambi za Idi kwa nani. Hayo yalibaki kwenu. Na nimesikia mnataka kumuuliza mkubwa achague. Mimi si mwanachuoni, ila najua kwamba kwa Mashafii mtoto akishafika umri wa kupambanua, kama miaka saba, huweza kuhiyarishwa akae na mama au baba. Hilo ni la makaazi, tena hufanywa mbele ya watu wenye busara. Kumsimamisha mtoto jikoni ukamuuliza "Idi hii unaitaka kwangu au kwa baba yako?" ni kumtaka amkate mmoja wenu, na nyote mnajua atamjibu yule aliye mbele yake.

Idi kwanza ina tabia yake. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo mkiifunga na likizo ya skuli, mwaka mmoja itakuwa ndani na mwaka mwingine nje. Na kuikata haikatiki. Wenzetu waliotengana mtaa mmoja wanaweza: sikukuu mosi kwa mama, sikukuu pili kwa baba, mtoto anavuka barabara na kanzu yake. Nyinyi mna bahari katikati, na karibu na Idi boti za Pemba zinajaa watu wanaorudi kwao, tiketi huipati ukichelewa. (Na la mwezi tusiliingie. Mwaka ule kaka yangu kafungua kwa mwezi wa nje na wewe unasubiri tangazo, watoto wanauliza leo Idi au si Idi.)

Tufanye hivi. Mwaka huu Idi ndogo wakae kwako, uwapeleke Kariakoo ya hapa Unguja wakapande bembea mpaka wachoke. Idi kubwa, Mfunguo Tatu, waende kwa baba yao, wakione kichinjo kwa bibi yao. Mwakani tugeuze. Skuli ikiwa haijafungwa, anayekosa zamu yake afidiwe kwenye likizo, bila ya kugombana.

Limebaki la karafuu. Disemba iliyopita walichelewa siku tatu na ukasema mtoto kafanywa kibarua. Kuchelewa lilikuwa kosa la kaka yangu, alipaswa kukupigia yeye mwenyewe. Lakini mtoto hakupanda mkarafuu, wallahi. Alikaa jamvini usiku na binamu zake, taa katikati, wanachambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, bibi yake anawatolea hadithi. Vidole vilimnukia mpaka tumefika Malindi. Bibi akampa pesa kidogo ya kazi yake, akaifunga kwenye pindo la leso. Tukiwa kwenye daladala akaifungua, akanipa nimuwekee. "Mama akiiona atakasirika," alisema.

Ninayo mpaka leo kabatini. Nilitaka kukuletea nikashindwa, kwa sababu nitakupa nikwambie nini? Sasa nimeshakwambia. Ukimuona, muulize habari za karafuu, lakini muulize kama unayetaka kusikia hadithi.

Jumamosi nitapita baada ya alasiri. Kanzu ya mkubwa imeshakuwa fupi, nimeipeleka kwa fundi aifungue pindo. Ya mdogo nitumie vipimo, mabega na urefu, nitumie mimi kwenye simu yangu. Na mtafutie sweta, ndani ya boti kile kipupwe kinamkohoza.

Wifi yako